Jina Litakuja Sifaeli

Wiki moja baada ya kuzikwa Nkoaranga, Sifaeli Sumari alilipwa shilingi elfu arobaini na tano kwa kitambaa cha batiki chenye pundamilia watatu.

Aliyelipa alikuwa dereva wa watalii. Mgeni wake, mzee wa Kijerumani mwenye kofia mpya, alikuwa na kadi mbili za benki na hakuwa na shilingi hata moja mfukoni, kwa hiyo dereva alimlipia kwa simu, wangemalizana wenyewe njiani. Aliandika namba iliyopakwa rangi kwenye ubao wa kibanda, akasita kabla ya kuweka namba yake ya siri, akauliza jina, kama wanavyouliza watu wote.

"Jina litakuja Sifaeli," alisema Hanna.

"Sumari?"

"Huyo huyo."

Simu ndogo ya Hanna ilitetemeka ndani ya mfuko wa aproni. Dereva alitaka kujua Sifaeli ni nani, akaambiwa ni mume wa mwenye kibanda. Akasema ni jambo zuri mume na mke kufanya biashara pamoja, wengi hawawezi, kisha akauliza leo mzee yuko wapi.

"Yuko Nkoaranga," Hanna alijibu, akaendelea kuwafunga pundamilia kwenye gazeti. Hakuwa amesema uongo.

Kibanda kilikuwa katika soko dogo la vitu vya utamaduni mjini Arusha, mahali ambapo magari ya watalii husimama dakika chache kabla ya kwenda porini na dakika chache zaidi yanaporudi. Vitambaa Hanna alivitengeneza mwenyewe nyuma ya vyumba viwili walivyopanga Sakina. Alichora kwa nta ya moto, akatia rangi, akachemsha nta itoke, akaanika. Sifaeli alikuwa fundi wa springi za malori kwenye gereji ya kando ya barabara ya Nairobi, na katika kazi ya batiki mchango wake mkubwa ulikuwa kidole gumba.

Ilikuwa hivi. Miaka ya nta na maji makali ya kostiki, ya kuchanganyia rangi, ilikuwa imezilaza ncha za vidole vya Hanna zikawa laini kama mgongo wa kijiko. Kitambulisho cha taifa alikuwa nacho, alama zake zilichukuliwa wakati vidole bado vina mistari. Lakini siku laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa kidole, mashine ilimkataa mara nyingi hadi watu wa nyuma kwenye foleni wakaanza kuguna. Sifaeli alisogea akaweka gumba lake lenye grisi, na mashine ikampokea papo hapo. Tangu siku hiyo kila aliyenunua kitambaa kwa Hanna alimlipa Sifaeli. Sifaeli mwenyewe hakuwahi kuishika simu ile, ila kuiweka kwenye chaji umeme ulipokatika, maana gereji ilikuwa na betri.

Alianguka gereji saa za mchana, spana ikiwa mkononi. Hospitali walisema ni presha. Alikuwa hajawahi kupimwa presha.

*

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Meshack Sumari alifika Sakina pamoja na mama yake, bibi Kaanaeli, na mkungu wa ndizi. Meshack alikuwa kaka mkubwa wa marehemu. Alilima kahawa na migomba Nkoaranga, alikuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi ndiye aliyehesabu sadaka. Hakuna aliyewahi kumshuku, jambo ambalo alilifahamu na kulipenda.

Hanna alimwamkia mama mkwe, akawawekea mtori. Walikula, kisha Meshack akanawa mikono, akaeleza kwamba kikao cha ukoo kimemteua yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Vitu vya marehemu vilikuwa vichache: vifaa vya gereji, pikipiki iliyokufa injini, kipande cha shamba chini ya nyumba ya mama, na simu.

Hanna aliuliza simu ipi.

"Hiyo iliyoko kwenye aproni yako, shemeji."

"Hii ni ya biashara yangu."

"Sikatai. Ila laini imesajiliwa kwa nani?"

Jibu lilijulikana na wote watatu. Hanna alieleza badala yake kwamba ndani ya laini ile kulikuwa na fedha za Magreth, meneja wa hoteli moja ya watalii upande wa Kisongo. Magreth alikuwa ameagiza vitambaa vya meza za ukumbi wote wa chakula, akalipa milioni moja na laki mbili kwa mkupuo, siku mbili kabla ya msiba. Fedha ile ilikuwa ya kununulia jora la pamba, nta na rangi, na kilichobaki kilikuwa kodi ya nyumba na ada ya Angel, binti yao aliyekuwa kidato cha nne bweni. Hanna alikuwa hajaitoa kwa sababu msiba ulimkuta hajaenda dukani, msibani mjane hatoki ndani, na tangu arudi kibandani alikuwa akiiacha humo mpaka siku ya kununua jora.

Meshack alisikiliza yote, akitikisa kichwa kwa upole. Alisema yeye hataki hata senti ya marehemu. Anachotaka ni utaratibu. Dada zao wawili walioko Dar walikuwa wakimpigia kila jioni kumuuliza marehemu kaacha nini, na siku moja angetakiwa kutoa hesabu mbele yao. Angesema nini? Kwamba laini ilikuwa na milioni, akamwachia mtu aliyesema ni yake?

"Mtu gani, shemeji?" Hanna aliuliza.

Meshack alisema neno lile limemponyoka, asamehewe.

Bibi Kaanaeli alikuwa akilichungulia bakuli lake. Alisema mtori una chumvi ya kutosha.

Kisha Meshack akasema jambo ambalo lilikuwa limemleta. Ijumaa alikuwa ameshuka mjini na kibali cha mazishi na muhtasari wa kikao, akaripoti kwa watu wa simu kwamba mwenye laini amefariki. Waliahidi kuifunga ndani ya siku chache, mpaka mahakama ya mwanzo itoe maelekezo. Aliona si vizuri shemeji yake asikie barabarani. Kwa maneno mengine alikuja kuomba ruhusa ya jambo alilokwisha kulifanya, na baada ya kuomba alijisikia nafuu, akauliza kama kuna chai.

Hanna alichemsha chai.

Asubuhi, kabla jua halijatoka nyuma ya mlima, alienda kwa wakala aliye karibu na stendi ya bodaboda. Alitembea upesi na kichwa chini kama mwizi, akienda kuchukua fedha zake. Wakala alikuwa ndiyo kwanza anafungua dirisha. Hanna aliwasha simu, na pale juu kwenye kioo, mahali pa ile mistari ya mtandao, palikuwa patupu.

*

Wakala alikuwa dada wa makamo mwenye kucha ndefu za bandia zilizopakwa rangi ya zambarau. Aliifungua simu, akaifuta laini kwa pindo la blauzi, akairudisha, akasema laini ni nzima, tatizo ni mwenyewe.

"Mwenyewe amefariki," Hanna alisema.

"Pole. Basi sajili nyingine kwa jina lako."

Walijaribu. Dada aliingiza namba ya kitambulisho, akasogeza kile kimashine chenye taa nyekundu, Hanna akaweka gumba la kulia. Kisha la kushoto. Kisha vidole vingine, kimoja kimoja, mpaka vikaisha. Dada alimpaka mafuta ya mgando, akampangusa, wakarudia. Alitafuta kipande cha limau kwa mama wa chipsi, kwa kuwa alisikia limau husaidia. Halikusaidia. Watu wawili waliokuja kutoa fedha walisimama wakatazama, na mmoja wao alishauri ajaribu vidole vya miguu.

Dada aligeuza kimashine akakisoma. "Mama, kinasema weka kidole."

"Nimeweka."

"Najua umeweka. Chenyewe ndicho hakijui."

Hanna alilipia limau, akaenda sokoni.

Siku ile alipoteza wateja wanne. Wa kwanza alikuwa mama wa Nairobi aliyependa kitambaa cha kahawia, akajaribu kutuma mara tatu, akaambiwa namba haipatikani, akamtazama Hanna namna wanavyotazamwa matapeli, akakirudisha mezani bila kukikunja. Waliofuata waliuliza kama anachukua kadi. Mmoja alimpa Hanna anwani ya barua pepe, kwa wema kabisa, amwandikie.

Kibanda cha pili kilikuwa cha Hans, mchonga vinyago vya twiga na vijiko vya saladi, mtu mpole aliyezungumza zaidi na miti kuliko na watu. Aliona yote. Jioni alimwambia Hanna kwamba anaweza kutumia namba yake mpaka mambo yakae sawa. Mteja akilipa, yeye atatoa na kumkabidhi. Hanna alifuta namba ya zamani kwenye ubao kwa mafuta ya taa, akaandika ya Hans kwa chaki.

Mpango ule ulifanya kazi vizuri kwa muda usiotosha. Hans alikabidhi kila kitu, na makato aliyabeba mwenyewe bila kusema. Tatizo lilikuwa kwamba simu yake ililala nyumbani juu ya kabati, na mke wake, Eunike, alijua kusoma. Asubuhi moja Eunike alifika sokoni amevaa nguo za kanisani ingawa ilikuwa Jumatano. Aliwasalimia wote, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akamuuliza Hanna habari za msiba. Alisema anamshukuru Mungu kwamba mume wake ana moyo wa huruma. Alisema ila watu wa mtaani wana midomo, na mjane hana ulinzi mwingine isipokuwa jina lake.

Hanna alisema ameelewa.

"Sijasema kitu kibaya, Mama Angel."

"Hujasema."

Eunike alipoondoka, Hanna alifuta chaki kwa kiganja. Hans aliendelea kupiga msasa shingo ya twiga, shingo ambayo tayari ilikuwa nyembamba kupita kiasi.

*

Vitambaa vya Magreth vilikuwa vinasubiriwa. Hanna alienda katikati ya mji kwa Pramila, mwenye duka la vitambaa ambaye alimuuzia majora yote tangu aanze kazi. Pramila alikuwa mama wa Kihindu aliyezaliwa Arusha, baba yake pia alizaliwa Arusha, na alizungumza Kiswahili kwa kasi ya mtu anayepima kwa mita. Alikuwa amesikia. Hanna alijiandaa kueleza shida yake tangu mwanzo, akaishia katikati, kwa sababu Pramila alikuwa tayari anakata.

Alikata jora zima. Alisema atalipwa hoteli ikilipa, mahakama ikilipa, au Mungu akilipa, ila asichelewe sana kwa sababu huyo wa tatu hajawahi kumlipa kwa wakati. Alipokuwa akifunga alimsimulia kwamba mama mkwe wake, mwenye miaka tisini, alikataliwa na mashine ile ile. Vidole vilikuwa vimechakaa kwa kusugua vyombo vya shaba. Wakamuuliza maswali badala ya vidole.

"Maswali gani?"

"Ya kwake mwenyewe. Yeye ni nani, kazaliwa na nani. Siyo mawakala wote wana kibali hicho, uliza." Akafikiri kidogo. "Alifeli moja. Hakujua umri wake."

Hanna alibeba jora begani mpaka stendi. Wiki mbili zilizofuata alichora usiku na mchana: matawi ya mkahawa na punje zake nyekundu, kama Magreth alivyotaka, kuzunguka pindo zote. Zamani, jioni za kazi kama hiyo, Sifaeli alikuwa akirudi kutoka gereji, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula akimtazama. Sasa ndoo ilikuwa wazi na Hanna aliitumia kuwekea nta.

*

Kikao cha pili cha ukoo kilifanyika Nkoaranga, uani kwa bibi Kaanaeli, katikati ya migomba. Wanaume walikaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Hanna alipewa kiti cha plastiki pembeni. Mbele yao Meshack aliorodhesha kwa sauti vifaa vya gereji, akiinua kila spana ionekane, kisha akafika kwenye simu.

Hanna alikuwa amejiandaa. Alimwomba Magreth, ambaye alikuwa ameshapokea vitambaa vyake na kuridhika, awe tayari kupigiwa. Kijana mmoja wa ukoo alitoa simu yake, ikawekwa juu ya meza kwa sauti kubwa, na Magreth, akiwa ofisini kwake Kisongo, aliwasalimia wazee kwa heshima. Alisema fedha zile alimlipa Mama Angel kwa kazi ya vitambaa vya meza. Anavyo mbele yake. Ni kazi nzuri sana. Mume wa Mama Angel hakuwahi hata kumwona.

Wazee walitazamana. Mmoja alisema basi neno limekwisha.

Meshack aliinama juu ya simu. "Mama, shikamoo."

Magreth alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, akacheka kwa aibu, akasema marahaba haimfai.

"Nakuuliza kwa nia njema. Ulipotuma, jina lilitokea la nani?"

Walimsikia akifunua karatasi.

"Sifaeli Sumari," Magreth alisema.

"Na ukathibitisha ni huyo?"

"Nilithibitisha."

"Asante, mama. Mungu akubariki." Meshack alikata simu kwa kidole kimoja, akairudisha kwa kijana. Hakuonekana mwenye furaha. Alionekana kama mtu aliyejumlisha hesabu mara mbili ikatoa jibu lile lile.

Ndipo bibi Kaanaeli, ambaye kwa desturi hakusema vikaoni, akauliza kama anaweza kuuliza. Akaruhusiwa. Alitaka kujua, hao watu wa kompyuta wanadhani ni mwanawe aliyechora vile vitambaa? Sifaeli? Darasa la kwanza mwalimu alimwambia achore yai, akachora kitu ambacho mpaka leo hakijulikani.

Mabenchi yalicheka. Hata Meshack alicheka, akafuta macho. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mama amesema kweli, na kila mtu hapa anajua kweli, ila mahakama haijui kuchora, inajua kusoma. Angepeleka kama ilivyo.

Akapeleka kama ilivyo. Mahakama ya mwanzo ilichukua muda wake, ikatangaza, ikasubiri mwenye pingamizi, ikaahirisha mara mbili kwa sababu karani alikuwa likizo, na mwishowe ikaelekeza fedha zilizokuwa kwenye laini zigawanywe kwa warithi halali wa marehemu: mke, mtoto na mama mzazi. Kwa hiyo Hanna alirithi sehemu ya fedha zake mwenyewe, Angel akarithi sehemu nyingine, ikaenda shuleni siku hiyo hiyo, na Meshack alimkabidhi kila mmoja mbele ya mashahidi, bila kukata hata nauli. Dada wa Dar hawakupata kitu. Walisema Meshack amenunuliwa na mjane.

Sehemu ya bibi Kaanaeli aliileta bibi mwenyewe. Alishuka kutoka Nkoaranga siku ya soko, akakiulizia kibanda mpaka akakifikia, akatazama vitambaa vyote kimoja kimoja kwa muda mrefu kama mteja mgumu. Alichagua kikubwa kuliko vyote, cha mlima Meru na mawingu yake. Hanna alisema mama achukue tu, ni chake.

"Sikuja kuomba," bibi alisema. "Bei gani?"

Hanna alitaja. Bibi akasema ni rahisi mno, watu watadhani ni kibovu. Akafungua fundo la kanga na kuweka mezani fedha zote alizorithi, akakataa chenji, akaomba afungiwe vizuri kwa sababu ya mvua. Baadaye Meshack aliulizwa na mama yake kitambaa kile kitundikwe ukuta upi, akakitundika, na kila anapoingia kwa mama kunywa chai hukaa akikipa mgongo.

*

Pramila alilipwa. Kodi haikutosha, ikalipwa nusu, na mwenye nyumba alianza kusalimia kwa kifupi. Namba haikurudi kwenye ubao wa kibanda. Hanna aliuza kwa wenye fedha taslimu, ambao ni wachache na hununua vitu vidogo.

Kisha Magreth akapiga. Tajiri wa hoteli alikuwa amevipenda vile vya meza, sasa alitaka mapazia ya vyumba vyote na vitambaa vya vitanda. Ilikuwa kazi ya miezi. Ila mhasibu wao amekuwa mkali. Malipo yatatumwa kwa namba yenye jina la mtu aliyefanya kazi, si mume, si jirani, si binti. Magreth alisema amejaribu kumtetea. Mhasibu anaomba jina hadi mwisho wa wiki, la sivyo wanaagiza Nairobi.

Hanna alirudi kwa dada wa kucha za zambarau, ambazo sasa zilikuwa za kijani. Safari hii aliulizia maswali. Dada alisema njia hiyo ipo, kibali amekipata majuzi, ila watu hawaipendi kwa sababu inaumbua. Unaulizwa matatu kutoka katika yale uliyoyajaza wakati wa kitambulisho. Ukipata mawili umepita. Ukikosa mawili mfumo unakufunga, na kufunguliwa ni safari ya ofisini, ambako mtu anaweza kukaa hata miezi.

"Uko tayari?"

Hanna alisema yeye ni yeye, atashindwaje.

"Jina la kwanza la mama yako mzazi."

"Naomi."

Dada aliandika, akasubiri, akatikisa kichwa. Imekataa.

Hanna alisema haiwezekani. Mama yake alibatizwa Naomi, akazikwa Naomi, jina limeandikwa msalabani. Dada alisema yeye anamwamini, ila hicho kilichoandikwa humu siyo Naomi.

Hanna aliketi. Hapo ndipo alipokumbuka ofisi ya kata, siku ya kujaza fomu za kitambulisho. Foleni ilikuwa ndefu kupita maelezo, na yeye alikuwa ameacha nta jikoni. Sifaeli alimwambia akimbie nyumbani, atamshikia nafasi. Aliporudi, karani alikuwa ameshamaliza kuandika; alibakiwa na kupiga picha na kuweka vidole, wakati ule vikikubali. Majibu yote yalikuwa yametolewa na Sifaeli. Na Sifaeli alimjua mama mkwe wake kwa jina ambalo kijiji kizima kilimwitia, Elieshi. Jina la Naomi hakulijua mtu yeyote isipokuwa mchungaji.

"La pili," dada alisema. "Mwaka uliomaliza darasa la saba."

Hanna hakumaliza darasa la saba. Alitolewa shule akiwa la tano kumuuguza baba yake, na Sifaeli alijua, aliambiwa kabla ya ndoa. Hakuwahi kulizungumza tena. Hanna alijaribu kumwona amesimama mbele ya karani, kofia mkononi, watu wakisikiliza nyuma yake, anaulizwa mke wako amemaliza mwaka gani. Asingesema hakumaliza. Hakuwa mtu wa kusema hivyo mbele ya foleni. Na kwa kuwa hakuwa mwepesi wa kutunga, angetaja mwaka aliokuwa nao karibu, ule aliomaliza yeye mwenyewe.

"Tisini na tano."

Dada aliandika. Kimashine kililia kidogo. "Imekubali. Bado moja, mama. Ukikosa hii ndiyo basi." Akasoma. "Kazi."

"Yangu?"

"Yako. Jibu la neno moja."

Nje lori lilikuwa linapanda kuelekea Nairobi, na walisubiri lipite. Hanna alifikiria mkulima, maana pale kata karani aliandika mkulima kwa kila mwanamke bila hata kuinua kichwa. Alifikiria mama wa nyumbani. Alifikiria mfanyabiashara, neno alilojiita mwenyewe mbele ya watu wa mikopo. Dada alimwambia asiogope kuchukua muda. Hanna akaacha kufikiria alikuwa nani, akamfikiria mtu aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatafuna taratibu, anatazama mkono wake ukipita na nta ya moto bila kudondosha tone. Mtu yule alijua neno moja tu kubwa la kumwitia binadamu anayejua kazi yake, na alilitumia kwa uchache, na gerejini alilitumia kwa wawili au watatu.

"Fundi," alisema.

Dada aliliandika, herufi moja moja kwa sababu ya kucha. Kimashine kilikaa kimya, kisha kikalia.

"Imekubali. Hanna Sumari, fundi." Dada alitabasamu, akaanza kumwagia laini mpya juu ya meza achague namba aipendayo. "Hawakuandika fundi wa nini."

Hanna alimwomba amsubiri kidogo. Alitoka nje, akazunguka nyuma ya kibanda upande usio na watu, akaegemea ukuta wa duka la vipuri, akalia kwa sauti, jambo ambalo alikuwa hajapata nafasi ya kulifanya. Mama wa chipsi alimsikia, akapunguza moto, akamwacha. Ilipokwisha alifuta uso kwa kanga, akarudi ndani, akainama juu ya zile laini na kuanza kuchagua.